Nasubiri Jibu Kuhusu Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 4 Machi
Dada kapiga simu nikiwa nakata kitambaa. Tangu Mama aanguke bafuni, ngazi za kwa dada zimemshinda. Dada anaomba Mama aje kwetu, kwa kuwa tuna chumba cha nyuma. Chumba changu cha kushonea suti! Nimekipangia toka mwaka jana, maana fundi wa ng'ambo ya barabara kapanua duka na siku hizi hata salamu haitikii. Nimemwambia dada nitaliweka jambo hili mbele za Mungu. Akauliza kwani Mungu hajasema lolote kuhusu kuwaheshimu wazazi. Simu ikakatika. Niliikata mimi.

Jumanne, 5 Machi
Nimefunga. Nimemwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe, ila kama hataki Mama aje, basi mvua isinyeshe leo. Ni kiangazi. Haikunyesha. Nilitegemea kupata amani, badala yake nimekosea vipimo mara mbili. Mke wangu anasema ni njaa. Sidhani.

Jumatano, 6 Machi
Kwa mchungaji. Sikumtaja Mama. Nimeuliza tu kama si vizuri mtu kumngoja Bwana. Akasema ni vizuri sana. Nikaaga haraka. Akaushika mkono wangu, akauliza namngoja kwa jambo gani. Ikabidi niseme.

"Ndugu yangu," akasema, "hapo hungoji. Umeshajibiwa, ila jibu hukulipenda."

Nimerudi, nimeshona zipu ya mteja juu chini. Jioni nimeazima cherehani mbili, nimezisukumia chumba cha nyuma pamoja na marobota ya vitambaa hadi dirishani. Mungu hawezi kuleta mtu mahali pasipo na nafasi.

Alhamisi, 7 Machi
Teksi mlangoni. Kashuka dada, kisha Mama na mkongojo wake. Mke wangu ndiye aliyewaita. Eti naye aliomba, akajibiwa papo hapo. Nikaeleza kwamba chumba kimejaa. Mama akayatazama marobota.

"Sawa, mwanangu. Nitakaa hapo sebuleni mpaka Mungu akujibu."

Mke wangu akaenda kubadilisha shuka za kitanda chetu. Mama na mke wangu wanalala hapo. Mimi, chumba cha nyuma juu ya marobota.

Jumapili, 10 Machi
Juzi nilikihama chumba cha nyuma, mgongo ulinishinda. Marobota yametolewa, Mama yumo sasa. Leo nimesimama kanisani kushuhudia jinsi nilivyotii. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akakohoa muda mrefu. Mama alifuta machozi, nikaona haya, ikapita.

Sasa dada anasema nimpeleke Mama kliniki kunyoosha mguu, kila asubuhi, saa ambayo fundi wa ng'ambo huwa anavizia wateja wangu. Nimepiga magoti. Mungu anajua niko tayari kwa lolote atakaloniagiza. Nimemwomba tu lisiwe la asubuhi.