Kiti Changu cha Stoo ya Dawa

Jumanne, 4 Juni. Miaka miwili na nusu tangu niondoke kisiwa chetu cha Kadavu, Fiji, kuja kuchuma machenza Australia.

Mvua. Machenza hayachumwi yakiwa na maji, kwa hiyo nimekaa kwenye kontena tunamolala na kukichora tena kile kiti. Kina mikono. Kina magurudumu. Kitakaa mlangoni mwa stoo ya dawa, kwenye zahanati ya ghuba yetu, chini ya feni. Nitakikalia mimi, Sakiusa, mtunza stoo, niliyeishia darasa la nane.

Mpango wenyewe ni rahisi. Laisani, binti wa dada yangu, yuko chuo kikuu Brisbane. Anasoma shahada mbili kwa mpigo: famasia na utawala wa umma. Watu wanauliza kwa nini mbili. Wajinga! Mfamasia anajua dawa lakini zahanati hana. Mtu wa utawala anajua kuomba zahanati lakini dawa hazijui. Mwenye zote mbili anaiomba zahanati, anaipata, kisha anamwajiri mjomba wake. Mimi ndiye niliyemshauri asome mbili. Mimi ndiye ninayechuma machenza ili asome mbili.

Leo dada kapiga simu. Laisani anakuja hapa hapa mjini, mwezi mzima wa mazoezi kwenye duka la dawa la Bibi Maureen. Nikaruka kwa furaha. Kisha akasema Laisani ana ombi kwangu, linahusu masomo, na ataleta kava, ile mizizi ya kinywaji chetu cha heshima. Nikakaa chini.

Kwetu mtoto wa dada huchukua chochote cha mjomba bila kuuliza. Laisani alichukua redio yangu. Alichukua nguruwe wangu, na koti langu la kanisani. Hakuwahi kuniletea hata kijiti. Sasa analeta fungu la mizizi ya kava! Basi jambo ni zito. Na mikono yangu ikiligusa tu fungu hilo, nimekubali. Hakuna kurudi nyuma.

Dada hakutaja ombi lenyewe, na kwetu kaka hamhoji dada. Lakini mimi najua. Mwezi uliopita Laisani alilalamika kwamba utawala wa umma unamliza, bajeti asubuhi, bajeti jioni. Anataka kuuacha! Zahanati kwaheri, kiti kwaheri!

Nimeamua: kava hiyo siigusi.

Alhamisi, 6 Juni.

Amefika. Amekonda. Amekuja shambani moja kwa moja saa ya chakula, fungu kwapani, limefungwa gazeti na utepe. Nilimwona kutoka juu ya ngazi. Nikapanda zaidi. Ngazi ikaisha, nikaendelea na matawi.

Akasimama chini na kuita: "Mjomba, shuka basi, nina maneno." Nikamjibu kwamba msimamizi hataki watu washuke ovyo. Msimamizi mwenyewe, Gavin, alikuwa kasimama pale pale. Lugha yetu haijui, akauliza kuna nini. Nikamwambia machenza matamu yako kileleni. Akafurahi sana. Akanipa vilele vya mistari miwili mingine. Laana!

Emosi akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Emosi ni mtani wangu. Kijiji chake na changu vinatazamana kwenye ghuba moja, na tangu zamani ana ruhusa ya kunitukana na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Alipaza sauti: "Jamani njooni mwone popo! Popo mwenye kitambi! Kamkimbia mtoto wa kike mwenye kifurushi!"

Sikukasirika. Nilimwangushia chenza bovu.

Jumamosi, 8 Juni.

Mbinu mpya. Mgonjwa hapokei kava. Asubuhi nikajishika mgongo na kulia mbele ya Gavin. Nilitaka anirudishe kitandani. Gavin ana roho nzuri, bahati mbaya. Akanipakia kwenye gari na kunishusha mlangoni kwa Bibi Maureen.

Laisani yuko ndani, kavaa koti jeupe! Bibi Maureen akasema hili ni zoezi zuri kwake, akatuachia kaunta. Laisani akaniuliza unauma wapi. Kushoto. Akaniuliza tangu lini, nimekunywa dawa gani, kisha tena, unauma wapi. Kulia. Akaandika. Akasema kwa adabu zote: "Mjomba, mgongo wako una miguu. Unatembea."

Akaniwekea dawa ya kuchua mbele yangu, kisha akainama chini ya kaunta. Gazeti! Utepe! Nikatoka mbio na dawa mkononi.

Sasa Bibi Maureen anawaambia wateja kwamba hajapata kuona dawa ya kuchua inayoponya kabla ya kufunguliwa.

Jumanne, 11 Juni.

Leo nimejipita mwenyewe kwa akili.

Gavin alileta mikataba mipya, miaka miwili kuanzia mwakani. Emosi akakataa. Alisema Desemba anarudi kwake, machenza ameyachoka, hata harufu yake anaiota. Mimi nikasaini kabla Gavin hajamaliza kueleza. Hesabu yangu ni hii: Laisani akinibana na kava yake, nitamwambia tazama, mjomba wako amejifunga miaka miwili mingine kwa ajili ya shahada yako ya pili. Nani atakuwa na moyo wa kuacha masomo baada ya hapo?

Jioni nikampigia Kelera, mke wangu. Akasema mbwa wangu siku hizi anamfuata jirani, na yeye mwenyewe ameanza kumwelewa mbwa. Nikamwambia avumilie, kiti kinakuja. Akasema hicho kiti amekisikia mpaka anakifuta vumbi.

Wanawake hawaoni mbali.

Jumapili, 16 Juni.

Nimesalitiwa!

Mwaka Mpya, tulipokusanyika Wafiji wote wa mashamba haya, nilimteua Emosi kuwa msemaji wangu. Nilitaka tu nionekane mkubwa, maana machifu wana wasemaji na wachuma machenza hawana. Watu walicheka, tukala, nikasahau. Nilisahau pia kumvua ule usemaji.

Leo baada ya ibada nilijificha kwenye jiko la kanisa, nikijifanya natazama magimbi. Laisani akaingia kwenye banda la kanisa tunapokula, akaketi mkekani kwa heshima, akaliweka fungu mbele ya Emosi. Msemaji wangu, ambaye mkono wake kwetu ni mkono wangu! Emosi akalipokea kwa mikono miwili, akapiga makofi matatu mazito, akatangaza: "Tumepokea! Ombi limekubaliwa kwa niaba ya mkuu wangu, ambaye yuko jikoni anayaogopa magimbi."

Banda zima likapiga makofi. Hakuna aliyeuliza ombi ni nini. Na mimi sikuuliza.

Nikatoka mbio. Nikalinyakua fungu kwa koleo la jikoni, mkono wangu usiliguse, nikalirudisha mbele ya Laisani. Nikahutubia. Nikasema nimekataa. Nikasema nimeshasaini miaka miwili, na yeye atamaliza shahada zote mbili, apende asipende.

Kwetu kurudisha kava ni kumrudisha mtu mwenyewe. Mchungaji akatazama viatu vyake. Hata Emosi hakucheka, na Emosi hucheka mazishini. Laisani akaokota fungu lake, macho yamejaa maji, akaondoka.

Nimeshinda. Sijui kwa nini nimerudisha magimbi yangu sufuriani.

Jumatatu, 17 Juni.

Laisani kaja shambani, mikono mitupu. Mara hii nikashuka mwenyewe. Tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa.

Akaniuliza nani aliniambia anaacha masomo. Nikamwambia nilijua tu. Akasema haachi kitu. Anamaliza zote mbili Novemba, na muhula wa mwisho anasomeshwa na chuo. Kazi yake ya mwisho ya utawala wa umma ilikuwa mpango wa zahanati. Ya ghuba yetu! Ofisi ya mkoa imeukubali. Milango inafunguliwa Januari. Wanataka mtunza stoo kutoka vijiji vya ghuba, na jina aliloandika ni langu.

Nikamuuliza basi bajeti zilimliza nini.

"Kiti, mjomba," akasema. "Nimeandika kiti. Cha magurudumu, chenye mikono. Wakaniambia nikitoe, eti mtunza stoo atakaa kwenye benchi. Nimebishana nao wiki nzima."

Ombi lake lilikuwa niache machenza, nirudi nyumbani Desemba. Basi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tu kwenye simu. Akasema: "Redio yako naweza kuchukua. Nguruwe naweza. Wewe siwezi kukuchukua. Ilibidi nikuombe."

Nikakimbia kwa Gavin, na mgongo haukuniuma popote. Nikamwambia nimebadili mawazo. Akacheka, akadhani ni mzaha, akanipongeza, akanivika kofia mpya ya shamba. Mkataba umekwisha kwenda ofisi kuu.

Januari lazima mtu awepo stoo. Mtu wa ghuba yetu, ajuaye kusoma lebo, ambaye hana mkataba. Laisani hakutaja jina. Hakuhitaji. Mwenye jina alikuwa mstari wa tatu, anaimba.

Jumatano, 19 Juni.

Nimempelekea Laisani kava ya msamaha, dukani, mbele ya wateja. Nikapiga magoti. Hakuningoja nimalize, akaipokea kwa mikono miwili. Bibi Maureen akadhani namposa na akataka kuita polisi. Tukaeleweshana.

Laisani akaomba nakala yangu ya mkataba. Akaisoma pale kaunta, polepole, kidole juu ya mstari, kama anavyosoma maandishi ya dawa. Ukurasa wa nne akasimama. Akaniuliza nilisaini lini hasa, akahesabu siku kwa vidole. Akasema ataongea na Gavin, kisha atanijia tena rasmi, nisikimbie. Nikaapa.

Emosi kaniomba mchoro wa kiti, eti akapime makalio. "Usijali, mkubwa wangu, nitakikalia vizuri. Ukirudi utakikuta kina joto." Nikamwambia kazi yake ni ya muda tu. Akaniambia hajui lolote la muda. Alivyosikia, Laisani anakuja na kava nyingine kuniomba baraka zangu, kiti kiwe chake moja kwa moja.

Nimejiuliza kama ni utani. Usingizi sina.

Jumatatu, 24 Juni.

Naandika nikiwa juu ya mchenza. Kalamu inatoboa karatasi.

Laisani anakuja kati ya mistari. Ana fungu, gazeti na utepe vile vile. Gavin yuko nyuma yake, ameshika mkataba wangu, na wote wawili wanatabasamu. Gavin kauinua juu na kunionyesha. Anafanya ishara kama anauchana vipande viwili. Sijui ana maana gani. Emosi naye kaacha ndoo yake, anawafuata, anapiga makofi.

Watu watatu, tabasamu tatu, kwa kiti kimoja! Wananiona mtoto? Niliapa kutokimbia. Sikimbii. Napanda.

Laisani anaita: "Mjomba, shuka, ni habari njema!" Ndivyo watakavyosema, hasa huyu aliyesomea utawala. Emosi anaita kwamba popo amerudi. Gavin anasema kitu kuhusu leo saa kumi, ofisi kuu, mwisho wa kubadilisha mkataba. Nimeziba masikio. Ikipita saa kumi watachoka wenyewe.

Mara hii hakuna koleo, hakuna msemaji, hakuna mkono wangu utakaogusa gazeti. Kelera aandae nyumba, na mbwa amfunge kamba. Miaka miwili ikiisha nashuka kwenye boti na kwenda moja kwa moja stoo, na Emosi atanipisha. Nitarudi mwezi wa kumi na mbili, si mwaka huu, si mwakani, ule unaofuata.