Maswali Mazito Kwenye Kiti cha Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Mama mwenye saluni katangaza leo: viti viwili ni vingi, wateja hawatoshi. Jumamosi kimoja kitatolewa. Akanitazama mimi! Kasuku, kinyozi mwenzangu, akajitabasamia kwenye kioo. Hajui kunyoa hata nazi, lakini ni domokaya, na wateja wanamganda kama nzi na kidonda. Anaongelea mpira, mvua, mpira tena. Upuuzi. Mimi nitawapa mazungumzo yenye maana. Nimekariri maswali mazito bafuni mpaka mke wangu akagonga mlango kuuliza niko na nani.

Jumanne, 4 Machi

Mteja wa kwanza: dereva wa lori, shingo nene, povu hadi masikioni. Nikaweka wembe kooni, nikainama, nikamuuliza kwa upole: ukifa leo, nani atakulilia? Katoka mbio na ndevu za upande mmoja. Na taulo langu jipya! Kasuku alicheka hadi akakaa chini. Mama akauliza nimemfanya nini mtu wa watu. Nikasema nimemgusa moyo. Akasema amemwona akiruka mtaro.

Jumatano, 5 Machi

Nianze na ninaowajua, nipate mazoezi. Nikaenda mlango wa pili kwa fundi cherehani, rafiki yangu tangu utotoni. Nikamuuliza ana kwa ana: sisi ni marafiki kweli, au tumezoeana tu? Kimya. Nikasubiri. Kimya! Akanitolea macho. Nikamwambia nimeelewa, kikulacho ki nguoni mwako, nikachukua suruali yangu ambayo bado haijapindwa.

Jioni mkewe kaja kumweleza mke wangu kwamba fundi alikuwa na pini mdomoni. Sawa. Lakini mtu anayekupenda angezitema.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna aliyekaa kwenye kiti changu. Hata mwalimu niliyemnyoa miaka yote kapanga foleni kwa Kasuku, akajifanya anasoma tangazo la dawa ya nywele. Yeye, mwenye upara! Nimeumia, nisiseme uongo. Kunyoa ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Ijumaa, 7 Machi

Ajabu! Dereva karudi na taulo, limefuliwa. Akaketi kwangu! Akasema swali langu lilimkosesha usingizi. Akampigia simu kaka yake, ambaye hawajasemezana tangu mazishi ya baba yao, na kaka yake alipopokea... Machozi, ndani ya povu.

Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamtupia swali la pili: kama ungekuwa chombo cha nyumbani, ungekuwa chombo gani? Nimelikariri tangu asubuhi, ningengoja ningelisahau.

Akainuka, akahamia kwa Kasuku na povu lake. Na Kasuku, domokaya yule, hakusema neno! Alinyoa huku akiitikia kwa kichwa tu, hadi yule bwana akamaliza habari yake. Mimi sikusikia kaka alisema nini. Wala swali langu halijajibiwa. Nadhani angekuwa kabati.

Jumamosi, 8 Machi

Kiti changu kimetolewa asubuhi. Kasuku alisaidia kukibeba, akanipa pole, na nafikiri ilitoka moyoni, jambo ambalo limeniudhi zaidi. Mimi nabaki kufua mataulo. Nilikaa uani na beseni.

Mchana Mama akaja, akageuza ndoo akaikalia, akaniuliza taratibu: mwanangu, unaendeleaje? Nikamwambia maswali mepesi kama hayo ndiyo yanayoua biashara. Nikamfundisha. Nikampa mfano: Mama, unajutia nini zaidi maishani?

Akanitazama sana. Akasema yapo mengi, ila kubwa ni hili alilolifanya leo asubuhi, na kwamba amekuwa akifikiri labda... Sikumngoja amalize, swali jingine lilikuwa tayari mdomoni. Akaniangalia kidogo, akarudisha ndoo mahali pake, akaingia ndani.

Mazungumzo mazuri kuliko yote ya wiki hii.