Mabwawa ya Majitaka Yaliyonifuata Hadi Olokeri

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuhamisha Mabwawa ya Majitaka,
Kajiado.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: SHUKRANI KWA KUTONISAHAU

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na madirisha yako yakiwa wazi.

Mimi ni Tajeu ole Parmuat, mkazi wa njia ya Mashuuru, yule mzee aliyesimama nyuma katika mkutano wenu wa kusikiliza maoni ya umma akaambiwa kwamba muda umekwisha. Kwa kuwa nilirudi nyumbani na maoni yangu yakiwa mazima, nimeona niyatume kwa maandishi. Nafahamu kwamba mnayahamisha mabwawa ya majitaka kutoka Kitengela na kuyaleta katika uwanda wetu wa hifadhi. Nakusudia kuwashukuru, ila nina malalamiko machache, nami nimeyapa nambari ili yasikuchoshe.

1. Mimi na mabwawa haya tunafahamiana. Nilipokuwa kijana, maafisa walimjia baba yangu pale Kitengela wakamwambia kwamba wanatafuta mahali palipo mbali na watu, pa kutilia uchafu wa mji. Baba alijibu kwamba yeye ni mtu, na watoto wake ni watu. Akaelezwa kwa upole kwamba katika mipango ya miji, watu maana yake ni watu wengi. Tukahama. Hadi leo naweza kukuonyesha mlango wa boma letu ulipokuwa: ni pale bomba kubwa linapoingilia bwawa la pili. Mama alikamulia upande wa kushoto wa mlango huo, kwa sababu jua la asubuhi lilifika huko kwanza, na ng'ombe wake Sambu hakukubali kutoa maziwa kwenye kivuli.

Baadaye watu wengi walikuja kweli. Walinunua ploti kando ya mabwawa, wakajenga maghorofa yenye roshani, wakatoka kwenye roshani hizo na kugundua kwamba kuna harufu. Katika mkutano, Bwana Mbugua, msemaji wa wenye nyumba, alisimama akasema kwa uchungu mkubwa, "Sisi tulinunua ploti, hatukununua harufu!" Ukumbi mzima ulipiga makofi, nami nikapiga. Alisema kweli. Harufu ilikuwa pale kabla yao, kama sisi tulivyokuwa pale kabla ya harufu.

Sasa mabwawa yananifuata. Sikatai, maana uzeeni mtu huwa mpweke. Ninacholalamikia ni kwamba hamkunijulisha mapema mnakoelekea baada ya hapa, ili nitangulie. Inaonekana kila mahali ninapokaa hugunduliwa baadaye kuwa panafaa kwa majitaka. Kipaji cha namna hii kingestahili mshahara, na kama Kamati ina nafasi ya Mtangulizi Mkuu, nami naomba nifikiriwe.

2. Mwaka juzi Resian, mke wa mwanangu, aliomba kibali cha kuchimba choo cha shimo nyuma ya nyumba. Afisa alikuja na pikipiki, akatupeleka hadi kwenye kibao cha barabarani kilichoandikwa: ENEO LA HIFADHI. NJIA YA WANYAMAPORI. USIJENGE, USICHIMBE, USIZUNGUSHE UA. Akatusomea mara mbili, labda kwa kudhani hatukuelewa mara ya kwanza. "Mama, hapa ni hifadhi," akasema. "Hiyo choo yako itachafua maji ya chini. Nyumbu watakunywa nini?"

Resian alitii, akarudisha jembe kwa jirani.

Leo, katika ardhi hiyo hiyo, mbele ya kibao hicho hicho, mnaleta vyoo vya mji mzima. Nimeisoma sheria ya mazingira kwa makini, kwa miwani na bila miwani, na nadhani nimeanza kuielewa: choo kimoja ni uchafuzi, vyoo vingi ni maendeleo. Naomba tu tuelezwe ni kuanzia choo cha ngapi ambapo kimoja hugeuka kuwa kingine, ili Resian apeleke ombi lake upya akiwa na idadi inayotakiwa.

3. Nyumbu hawakuhudhuria mkutano. Ulifanyika hotelini Kitengela, na tangazo lilitolewa mtandaoni. Pundamilia nao hawakupata habari. Siwalaumu, hata mimi niliambiwa na mwenye duka.

4. Hili ndilo linaloniuma. Ripoti yenu inasema kuhusu mahali mlipopachagua: "Ardhi haitumiki. Hakuna dalili ya malisho. Nyasi zimefika magotini."

Mheshimiwa, katika nchi hii nyasi hazifiki magotini kwa bahati. Mahali hapo ni olokeri, yaani malisho yanayotengwa kwa ndama na mifugo dhaifu. Mvua ikinyesha hakuna mnyama anayeingia, hungojwa kiangazi. Ukiruhusu ng'ombe wako mzima kuingia kabla ya wakati, wazee wanakutoza mtamba, na wake zao hawakusalimii hadi mwaka ugeuke. Kiangazi kilichopita mwanangu aliwapeleka ng'ombe wakubwa mbali, hadi karibu na Kimana. Ndama hawawezi safari hiyo. Walibaki na Resian, na nyasi zile ndizo zilizowaokoa. Tulikuwa na olokeri nyingine zamani. Iko chini ya bwawa la tatu. Iliyobaki ni hii.

Bwana Musila, mpimaji wenu, mtu wa adabu aliyekunywa chai kwetu, aliniambia, "Mzee, hapa ni bure tu. Sijaona hata mbuzi mmoja." Nikamjibu kwamba hakuona kwa sababu hawaruhusiwi. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akaandika: "Wenyeji wenyewe hawaruhusu itumike."

5. Ikiwa kisichotumika leo ni bure, basi nawaomba mtumie kipimo hicho bila upendeleo. Nimewahi kufika nyumbani kwa mjumbe mmoja wa Kamati yako. Ana sebule nzuri sana. Viti vimefunikwa vitambaa vya kufumwa, na watoto hufukuzwa wakikaribia. Ndani ya kabati la kioo kuna vikombe vya wageni ambavyo, kwa macho yangu, havijawahi kuguswa na chai. Hakuna dalili ya matumizi. Sebule hiyo iko karibu na barabara, haina nyumbu, na bomba la maji tayari limefika. Sijui kwa nini ripoti haikuitaja. Makanisa nayo huwa matupu Jumatatu. Na ukumbi wenu wa mikutano, Mheshimiwa, nimeuona ukiwa mtupu hata ulipokuwa umejaa.

6. Hata hivyo, mimi si mtu wa kupinga tu. Nimesikia kwamba Kamati itazuru mahali hapo Alhamisi. Tumeamua kuwasaidia. Siku hiyo tutafungua olokeri na kuingiza ndama wote, na mbuzi, na ng'ombe wazima, na punda wa jirani akikubali. Watakula tangu alfajiri. Mtakapowasili, hakutakuwa na jani lililosimama, vumbi litawaingia machoni, na Bwana Musila ataweza kuandika bila wasiwasi kwamba ardhi inatumika. Kwa kipimo chenu, tutakuwa tumethibitisha kwamba ni yetu kwa kuimaliza.

Nifikishie salamu zangu kwa wajumbe wote, kwa Bwana Musila na familia yake, na kwa Bwana Mbugua, ambaye namtakia upepo mwema. Mwambie yule afisa wa pikipiki kwamba kibao bado kimesimama.

Mimi wako, ambaye bado sijafungua mizigo,

Tajeu ole Parmuat
Njia ya Mashuuru

Nyongeza: Nimemsomea Resian barua hii kabla ya kuifunga. Alicheka mpaka kwenye nambari ya sita, kisha akaniuliza, "Baba, nani amesema ndama zangu zitaingia huko Alhamisi?" Nikamwambia ni kwa ajili ya kuwaonyesha tu. Akasema, "Zikule leo ndio watu wapige picha, halafu kiangazi nizipee nini? Wacha wakuje wakute hakuna kitu." Wazee wenzangu wamesikia, na wote wako upande wake. Kwa hiyo naifuta nambari ya sita, na hizo nyingine mnaweza kuzisoma mkipata nafasi. Alhamisi mtakuta patupu. Hamtaona hata mbuzi, na nyasi zitakuwa zimefika magotini. Tafadhali msiguse.