Vitrini ya Bebe Irudi pale Overport

Saluni ya Mama Agathe,
Overport, Durban.
Jumatatu, siku wateja hawana haraka.

Papa Yakoob muheshimiwa,

Pokea salamu zangu kwa jina la Mungu, ule wako wa Ijumaa na ule wetu wa Jumapili. Kama ni mmoja ama ni wawili, hiyo ni kazi ya mashehe na bapasta, mimi niko mtu wa nywele. Natumaini mgongo umepona na sukari imeshuka. Huku saluni tuko wazima. Peguy anasuka vizuri bado, na anachelewa bado.

Nakuandikia Kiswahili juu Kiingereza yangu inafika mpaka ku robot, ile taa ya barabarani, haivuki. Kiswahili yako ni ya nyanya yako, ya zamani, inatembea polepole. Yangu ni ya Bukavu, imevaa viatu vya Kifaransa. Lakini pale ku kaunta yako tulielewana siku zote, na leo pia tutaelewana.

Papa Yakoob, nakuja kulalamika. Nalalamika kwa heshima, nimekaa chini, sijapandisha sauti. Tangu ulivuta ule mlango wa chuma ukafunga duka yako ya vitu vya bebe, mimi sijui tena kitu. Na kitu ninachotaka kujua saa hii si kidogo. Binti yangu Tina, ule aliolewa na Hardy wakahamia Westville, nafikiri iko na mimba. Sikiliza vizuri hilo neno. Nafikiri. Mimi niliyemzaa, nafikiri, kama mtu wa pembeni. Duka yako ingekuwa wazi, ningekuwa najua, na saa hii ningekuwa nachagua majina.

Basi nimepanga malalamiko kwa namba, vile watu wa ofisi wanapenda.

1. Vitrini. Ile kioo yako ilikuwa gazeti yetu, na ilikuwa ya bure. Mimi nikiwa mlangoni kwangu na kitana mkononi, nilikuwa nasoma. Mwanamke akipita anaangalia mbele moja kwa moja, hapana kitu. Akigeuza jicho bila kugeuza shingo, amechelewa siku zake. Akisimama akajifanya anatafuta telefone mu sakoshi yake ya mkono, ni miezi miwili. Akiingia akashika zile soksi ndogo sawa kidole gumba, ni mitatu, na bwana yake bado hajaambiwa. Mama mkwe akiingia peke yake kuuliza bei ya kitanda, mimba haiko, iko tu tamaa. Na mwanaume akinunua kila kitu mbili mbili, ni mapacha ama ni nyumba mbili, na hapo tulikuwa tunangojea tu kuona kama mifuko yote inapanda taxi moja.

2. Kartoni. Sasa watu wananunua ku telefone, wamelala. Mtu wa pikipiki analeta kartoni, imefungwa na gundi pande zote kama imebeba siri ya serikali. Ndani iko kitanda ya bebe ama iko blender, nani anajua? Mwezi uliopita Estella wa ghorofa ya pili alipokea kartoni kubwa, ndefu, na tumbo yake mimi nilikuwa nimeshaitazama. Nikamkumbatia pale ku ngazi, nikamwambia Mungu ni mwema. Akaniuliza, mwema juu ya nini, Mama Agathe? Nikamwambia usinifiche, mwanangu, inaonekana. Siku ile ile nikaanza kukusanya michango ya kado, zawadi ya mtoto, mu kwaya. Kumbe ndani ya kartoni ilikuwa mashini ya kupunguza tumbo. Estella haniongeleshi mpaka leo, kwaya inataka michango yake, na mimi nilikuwa nimeshanunua keki. Ile keki ni kosa ya nani, Papa Yakoob? Mu duka yako mashini ya tumbo haikuwemo.

3. Nepi. Sasa ziko mu supermarket, pembeni ya chakula ya mbwa na makaa ya braai. Mtu anapita na nepi, na chakula ya mbwa, na makaa. Utasema huyu anazaa, anafuga ama anachoma? Mtoto wa mtu hapaswi kuanza maisha pembeni ya mbwa.

4. Lay-by. Hii nasema bila kucheka. Kwetu, na kwa Wazulu wengi niliowasuka pia, vitu vya mtoto haviingii mu nyumba mbele mtoto hajafika. Ni kama kuita bahati mbaya kwa jina yake. Wewe ulijua. Mama alikuwa analipa kidogo kidogo, na kitanda yake inabaki kwako, pale nyuma, na karatasi ya jina juu yake. Kila mwisho wa mwezi anakuja kulipa na kusalimia kitanda yake. Na mimi nilikuwa nakuja kusalimia majina. Umaima wako wa ku kaunta alikuwa anayajua yote na hakusema hata moja, na mimi nilimuheshimu juu ya hiyo, hata kama ilikuwa inaniumiza. Leo kartoni inafika nyumbani na mtoto bado iko tumboni, mama anakaa kuiangalia, kartoni inamuangalia. Hiyo si vizuri hata kidogo.

5. Wanaume. Pusipusi, ile gari ya kusukuma mtoto, ilikuwa mtihani wao. Ilikuwa lazima mwanaume aikunje pale nje, mbele ya watu, ndipo iingie mu taxi. Unakumbuka Ladislas, ule anafundisha uvumilivu ku kanisa yetu? Pusipusi ilimuuma kidole, akaitukania mama yake, na pusipusi haina mama. Bibi yake akamwambia, songa kidogo, mwalimu. Akaikunja na mguu mmoja, akapanda taxi bila kugeuka. Toka siku ile Overport nzima inajua nani anaongoza ile nyumba. Sasa Hardy wangu ni mtu wa kompyuta, mzuri, mpole, ni yes Mama, of course Mama. Lakini mimi sijamuona na pusipusi. Niamini namna gani mwanaume sijamuona na pusipusi?

6. Westville yenyewe. Hapa ndipo panauma. Kule watu wote wanatembea na gari, na tumbo nyuma ya usukani haionekani. Geti inafunguka yenyewe, gari inaingia, geti inajifunga, na tumbo imeshapita. Hawana hata jirani wa kuuliza, iko tu miti. Jumapili iliyopita Tina alikuja kwangu amevaa jaketi kubwa, mu hii joto ya Durban inayeyusha mafuta ya nywele mu kopo. Nilikuwa nimepika sombe, majani ya muhogo, na samaki ya moshi, ile alikuwa analilia tangu mdogo. Akasema Mama, sina njaa, akaenda kusimama ku balkoni. Nikamfuata. Uko mgonjwa? Hapana, Mama. Unafunga? Hapana, Mama. Sasa ni nini? Ni joto, Mama. Na jaketi yake juu. Nikamgeukia Hardy, Hardy akaangalia sahani yake kama imemuandikia barua.

Najua Tina anasema nini nyuma yangu. Anasema kinywa ya Mama haina mlango. Ni juu nilitangaza uchumba wake kanisani wakati familia ya Hardy ilikuwa bado haijakuja kujitambulisha. Lakini si walikuwa wanakuja? Walikuja. Habari njema ukiichelewesha inaoza.

Nikuambie kitu, Papa Yakoob. Wakati Tina alikuwa ndani yangu, mama yangu alijua mbele mimi mwenyewe nijue. Ilikuwa Bukavu, pale soko ya Kadutu. Nilisimama mara mbili kwa muuza vitambaa vyeupe vya nepi, jirani akaniona, akakimbia kumwambia. Jioni nikakuta mama amenipikia uji wa maziwa. Hakuuliza kitu. Alikaa tu kuniangalia nakunywa. Ule jirani watu walimuita mtu wa songisongi, anayebeba maneno ya watu. Mimi namshukuru mpaka leo, juu bila yeye ningekunywa ule uji peke yangu. Sasa mama yangu hayuko tena, na hapa mimi ndiye mama, na jirani pia ni mimi. Uji niko nao. Kitu sina ni vitrini.

7. Dunia. Hii ya mwisho si juu yangu, ni juu ya watu wote. Pale ulikuwa na viatu vidogo mu kioo, sasa wameweka duka ya vape, zile sigara za umeme. Zamani kijana na mchumba wake walipita, wakaona kile kiatu kidogo chenye sungura, wakaangaliana, wakacheka, na mwaka ukiisha wanarudi watatu. Leo wanapita, wanaona vape, wanaangaliana, wananunua vape. Papa Yakoob, tukiendelea hivi tutazaa moshi. Mashule zitafunga, makanisa zitafunga, msikiti yako pia, na mimi nitamsuka nani? Yote hiyo ni juu ya mlango mmoja wa chuma.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, ufungue duka. Kama nyumba ile ya zamani imeshakwenda, ile ndogo pembeni ya fundi viatu iko bure, nimeshaichungulia. Kama mauzo hayatoshi, usiuze. Weka tu kitanda moja, pusipusi moja na soksi mu kioo, wewe kaa nyuma na chai yako, watu watapita wenyewe kuangalia, mimi nitaangalia wanaoangalia. Kama mgongo hauruhusu, nipe funguo, nitakaa mimi. Na kama yote hayo yanashindikana, basi wewe unayejulikana na watu wa municipality, waambie watoe sheria kartoni zote za bebe ziwe za plastiki ya kupitisha macho, na pikipiki inayozileta ipige honi tatu pale ku robot.

Najua utasema, Mama Agathe, wewe mwenyewe kwangu ulinunua nini? Nilinunua kofia moja, ya kado. Lakini niliingia kila siku. Duka inahitaji pia watu wa kuingia, kama vile kanisa haiishi na wenye sadaka peke yao.

Na usifikiri ni songisongi inanisumbua. Wengine nisipojua wameshika mimba, nitalala. Huyu mmoja silali.

Nisalimie mama wa nyumbani, Fathima, mwambie nywele zake zinangojewa. Nisalimie vijana, wajukuu, na ule mjukuu ambaye bado hamjamtangaza, mimi nilimuona ku harusi, mu tumbo ya mama yake. Salamu kwa Umaima anayekuletea hii barua, najua haifungui, yeye ni mtu wa namna ile. Salamu kwa fundi viatu, kwa wazee wa msikiti, na hata kwa ule wa vape, yeye anatafuta tu chakula.

Ni mimi jirani yako wa mbele, ambaye mlango yangu iko wazi hata kama yako imefungwa,

Mama Agathe, mama ya Tina.

P.S. Papa Yakoob, ngoja. Nilikuwa natafuta bahasha, nikasikia honi nje. Ni Tina, peke yake, mu gari. Akasema Mama, ingia. Nikaingia na kitana mkononi. Akapandisha vioo vyote, akavua jaketi, akanichukua mkono, akauweka pale. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu, na wewe unajua mimi kunyamaza si kazi yangu. Kisha akasema, Mama, usimwambie mtu. Nikasema, nani, mimi? Akasema, ndiyo, wewe, ndiyo maana nimekuja kwako wa kwanza, mbele hata ya mama ya Hardy, ili uone nakuamini. Nimeapa juu ya Biblia ya ndani ya telefone yake. Sijui kama ile inahesabika, lakini mimi naihesabu.

Kwa hiyo ile ya juu yote usahau. Barua nakutumia hivi hivi juu nimeiandika kwa mkono na mkono umechoka, lakini soma tu hii ya chini. Nakuomba usifungue duka. Hata kama umeshaanza kupaka rangi, acha brashi. Ukiweka kitanda mu kioo, Tina atapita, atageuza jicho, na bamama wa hapa wataona juu mimi ndiye niliwafundisha kuona. Hawana huruma hata kidogo, ni watu wa kuongea. Tutaagiza ku telefone, Hardy anajua kubonyeza, na kartoni wafunge na gundi pande zote. Fungua mwaka kesho, mtoto akishatembea.

Nimekuambia wewe tu, juu wewe uko mtu wa msikiti na kule sisi hatufiki. Wewe na Peguy, lakini Peguy aliniuliza nalia nini, na kudanganya ni zambi.