Mtu wa Mabati

Nestori alikuwa fundi wa maneno, na Mungu amsamehe, kazi nyingine hakuwahi kujifunza. Alikuwa anakunywa chai stendi ya Mpanda aliposikia wakulima wa Mwamkulu wakisema wamechangia mchele kwa kikundi cha kina mama wa Ilembo, kile kinachosaidia wasiojiweza. Ulikuwa wa kuwalisha watakaojitolea kumjengea bibi Thacienne, mjane aliyeangukiwa na nyumba. Bila wali wajenzi hawaji, na wasipokuja mvua zitamkuta bibi chini ya turubai. Katika yote hayo, Nestori alisikia mchele tu.

Kesho yake akatinga Ilembo na moka zinazong'aa na kitambulisho kikining'inia shingoni. Akamwambia mwenyekiti, mama Goreth, kwamba yeye ni mtu wa mabati. Mabati yapo chungu nzima, ila shirika lake lazima lione kwanza mchango wa wananchi. Apewe huo mchele aupeleke ofisini, mambo mengine wamwachie yeye.

Mama Goreth akamuuliza kama angependa kwanza kumwona bibi na nyumba yake.

"Hapana, mama. Hiyo nitaiona kwenye ripoti."

Mama akaitikia kwa adabu zote. Magunia atapewa, akasema, ila chakula cha ikibiri, yaani ile kazi yao ya kusaidiana, hakikabidhiwi mtu ambaye hajakanyaga tope. Ndivyo walivyolelewa.

Basi mheshimiwa akavua moka, akakunja suruali, akaingia kwenye tope. Akakanyaga, akafyatua tofali, akabeba maji mpaka viganja vikachubuka. Machibya, kijana wa Kisukuma mwenye mkokoteni wa ng'ombe, alimsifu kwamba hajawahi kuona bosi mwenye bidii namna ile. Kila mchana Nestori alikula wali maharage sahani mbili, akiyapigia mahesabu magunia yaliyopangwa stoo. Masikini, alikuwa na furaha kweli.

Tofali zilipokauka na kupangwa tanuri, akadai haki yake. Mama Goreth hakubisha. Machibya akapakia magunia, na Nestori akaondoka juu ya mkokoteni akiwa na kandambili za kuazima, kwani kwa haraka ya kutoroka, moka alizisahau.

Sokoni, mnunuzi mmoja aitwaye Lyamba akachoma bambo, kile chuma cha kukagulia nafaka, kwenye gunia la kwanza. Zikamwagika pumba. Akachoma la pili, pumba. Soko zima likacheka, na Machibya akacheka kuliko wote. Simu ya Nestori ikaita.

"Baba, pole na kazi," alisema mama Goreth. "Hizo ni pumba zetu za kuchomea tofali. Mchele niliuhamishia chini ya kitanda changu siku ile ile uliyokuja. Mtu wa mabati gani hataki kuiona nyumba?"

Nestori akaziba tundu la gunia kwa kiganja.

"Na huo mchele umeula vizuri tu, na kazi yake umeifanya. Sasa rudisha pumba, tanuri linakusubiri. Moka zako bibi Thacienne amezipiga kiwi."

Nestori akatazama kandambili, akatazama viganja vyake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mchana kuna wali.

"Upo," alisema mama. "Na leo kuna nyama."

Machibya alikuwa ameshageuza ng'ombe.