Kitufe Chekundu cha Bulla Tangi

Uliona. Usinitazame kama mtu aliyekuwa safarini. Ulipita kwenye mfereji wa mtaa wetu, Bulla Tangi, ukaona mitungi ya njano imepanga foleni peke yake, mdomo wazi, ukageuza shingo. Mimi nilikuona, na mimi sisahau. Basi keti, nikuhadithie yaliyotendeka wakati shingo yako iko upande ule mwingine.

Beverlyne alikuwa anakunywa chai hotelini kwa Isnino. Kadi yake ilimtaja kuwa mtaalamu mkuu wa "frontend", na hapo hakudanganya. Mpe laptop, atakutengenezea tovuti ya kukutoa machozi: rangi zimeelewana, vitufe vinabonyea kidogo ukivigusa, ukurasa unajikunja sawasawa kwenye simu ndogo ya mkulima wa Rapsu na kutanuka kwenye kioo cha mkubwa. Ila frontend ni uso tu. Kule nyuma, panapotakiwa mtambo wa kupokea na kukumbuka, Beverlyne aliacha upepo. Kwa upepo huo alikuwa ameshakula pesa za miji mitatu.

Meza ya pili, Arero alikuwa analalamika kwenye simu. Arero ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Pia, kwa bahati ya ajabu, ndiye mwenye boza, lile lori la tangi linalouzia maji wenye kiu. Mfereji ukikauka, boza inanenepa. Ugatuzi ulituletea maendeleo hadi mlangoni. Arero akakaa mlangoni.

"Wafadhili wanakuja Alhamisi," alisema, "na wanataka kuona maji!"

Beverlyne akasogeza kiti. "Habari, mwenyekiti. Hao wageni wanataka kuona maji, ama kunywa?"

Arero akashusha simu. "Kuona."

"Basi hiyo ni kazi yangu."

"Na huko nyuma ya hiyo tovuti kutakuwa na nini?"

"Mwenyekiti, umewahi kuona mgeni akizunguka nyuma?"

Arero alicheka hadi chai ikamtokea puani. Wakapatana hapo hapo: tovuti kwa boza. Boza yenyewe imezeeka, na wageni wakifurahi wataleta mbili mpya. Kila mmoja alimwona mwenzake mjinga, na mkataba wa namna hiyo huwa hauhitaji wakili.

Beverlyne akafanyia kazi palepale hotelini. Isnino, mwenye hoteli, alikuwa anamtazama kwa wasiwasi. Anauza chai ya maziwa ya ngamia, na mitungi ya maziwa isipooshwa maziwa yanaharibika. Bila maji, wiki ijayo angefunga mlango.

"Dada, na hii nyekundu ni ya nini?"

"Kitufe cha malalamiko, mama."

"Inaenda kwa nani?"

"Haiendi."

"Eh! Mtu anapigia ukuta hodi? Sema tu hujui kuunganisha."

Unaweza kumwita Beverlyne mwizi, atacheka. Lakini umwambie hajui kazi? Hilo halimezi. Akaandika mstari mmoja: ukibonyeza, simu inapiga. Alihitaji namba ya kujaribia, na vidole vikaandika ile vinayoijua, namba yake mwenyewe. Isnino akabonyeza. Simu ya Beverlyne ikalia mezani.

"Wallahi unajua!" Isnino akamwekea mandazi ya bure.

"Nitaitoa baadaye," Beverlyne akasema, mdomo umejaa. Watu wa kazi hiyo wote husema hivyo. Isnino akaenda kumimina chai, na kila mama aliyepita hapo alinong'onezewa jambo.

Alhamisi, chini ya hema, kioo kikubwa kikaonyesha mifereji yote imepakwa buluu. *Bulla Tangi: maji yanatoka sasa.* Wageni wakapiga makofi. Beverlyne alisimama pembeni, funguo za boza zikining'inia kidoleni, tayari kuondoka.

Isnino akainuka. "Salaam aleikum, wageni wetu. Tumefurahi. Hebu bonyezeni hiyo nyekundu."

"Bonyezeni, bonyezeni!" Arero alisema kwa ukarimu, akijua kitufe hakifiki popote.

Mgeni akabonyeza. Mkoba wa Beverlyne ukaanza kuimba. Akakata simu. Ukaimba tena, maana wamama wa Bulla Tangi, hema nzima, walikuwa wamefungua tovuti na vidole viko kazini.

Arero ana akili ya haraka. "Huyo ndiye afisa wetu wa malalamiko!"

"Afisa," Isnino akauliza, "maji iko wapi?"

"Inakuja, mama."

"Na gari gani?"

Macho yote yakashuka kwenye funguo.

Boza ikamwagwa yote kwenye tangi la mtaa, bure, kamera za wageni zikiwaka, na Arero akilazimika kutabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Mfereji ukakohoa, ukatema kutu, ukatoa maji.

Vumbi halijatulia, Beverlyne akaruka kwenye usukani na kukimbilia Ngaremara, ambako mnunuzi wa boza, Ekaale, alikuwa anamngoja. Simu hangeweza kuizima, maana Ekaale angepiga. Njia nzima ilikuwa: "Afisa, na sisi huku?" "Afisa, lini tena?"

Ekaale alikuwa kando ya barabara na watu wake. Kila mmoja na mtungi.

"Nimekupigia, haishiki," alisema. "Nikauliza dada yangu wa Bulla Tangi. Akasema hiyo ni namba ya afisa wa maji. Sasa afisa, mimi sinunui gari ya watu. Lakini karibu. Hata sisi tuna malalamiko."

Beverlyne aliacha funguo kwenye kiti na kudandia lori la mbuzi, laptop kifuani. Ekaale aliirudisha boza kwa Isnino, na wamama wanaiendesha hadi leo. Hoteli haijafungwa.

Lakini Arero bado ni mwenyekiti. Mfereji umekauka tena. Namba ile imezimwa, na tovuti bado inasema maji yanatoka sasa. Boza mbili mpya ziko njiani, na wewe unajua zitaegeshwa kwa nani.

Kamati inakutana leo, mlango uko wazi. Beba mtungi mtupu, kaketi mbele kabisa, uulize kwa sauti: nyuma kuna nini?

Bado umeketi? Inuka.