Bidon Zilizopata Elimu

Watangaziwe wote wanaokunywa maji, wanaooga, na hata wale wanaopanga kuoga kesho, kwamba mutaa wetu hapa Baraka umeweka historia: elimu ya maji imetufikia mpaka imeingia ndani ya bidon. Iko miji mikubwa yenye lami na taa ambako bidon, zile dumu za njano za kuchotea maji, mpaka leo hazijui kitu. Za kwetu zimesoma, na zimepakwa rangi ya kuthibitisha.

Ninajua kwa sababu nilikuwa ndani. Nilikuwa Mushauri Mukuu, upande wa bamama, wa Komisyo ya Utafiti wa Maji na Mafunzo ya Wachotaji. Cheo hicho sikukiomba. Komisyo ilikuja kuazima viti vyangu kwa mukutano wake wa kwanza, nami nikavifuata ili visipotee njia. Sasa, muntu akikutwa ameketi ndani ya komisyo, huyo ni mujumbe. Ndivyo serikali inavyokua.

Prezida wetu alikuwa Placide, muntu wa shati jeupe na kalamu tatu mufukoni, moja ikiandika. Alianza na utafiti. Alisimama mbele ya robine, bomba la maji la mutaa, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, kisha akatoa matokeo: maji hupungua pale muntu anapoyachota. Tulipiga makofi. Kwa kufuata matokeo hayo, robine ikatiwa kufuli, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Prezida, na uamuzi ukasomwa kwamba anachota aliyepata mafunzo, na ufunguo watakabidhiwa wachotaji siku watakapokuwa wamesoma.

Mpaka siku hiyo ifike, ziwa lilikuwa wazi kwa wote. Tanganyika ni kubwa, haina kufuli. Ni pale pale tunapofulia, ambapo batoto wanajisaidia, mbuzi wanaogeshwa kabla ya kwenda sokoni, na kipindupindu kinaishi bila kulipa nyumba. Jirani yangu Husna, muuza maandazi, alikuwa ametoka juzi tu kwenye kituo cha wagonjwa wa kuharisha, mutoto wake muchanga mugongoni, mutoto mwepesi kama kanga isiyo na muntu ndani. Alikuja kwangu, mimi koko, bibi wa mutaa.

"Koko Florentine, we iko ndani ya komisyo. Mi sitaki cheo. Mi nataka ile robine ifunguliwe, mutoto asirudi kule."

Nikamwambia komisyo inalishughulikia. Ndivyo tunavyosema sisi wa ndani.

Siku ya mafunzo ikafika. Hapa lazima niwaeleze wageni jinsi tunavyochota. Kwetu mama hasimami kwenye mulongo, ile foleni ya maji. Anapanga bidon yake kungali asubuhi, kisha anakwenda shambani, sokoni, ao kutwanga sombe, majani ya muhogo. Bidon inakaa kwenye nafasi yake na hakuna anayeisogeza, hata kama ni ya mukemwenza. Robine ilipofungwa, mulongo haukuvunjika. Kila mama aliiacha pale bidon moja, maana siku ufunguo ukirudi, nani atakubali kuwa wa mwisho?

Placide akaja na megafoni. Nyuma yake alikuwa Bienfait, katibu, na kopo la rangi ya bluu, ya kuwapaka wahitimu kwenye kidole.

"Bamama iko wapi?" Prezida akaniuliza.

"Iko mbele yako. Hii ya kamba nyekundu ni Husna. Ile ya kupinda tumbo ni Clarisse."

"Koko, mi naona bidon."

"Bidon ikiwa kwa mulongo, mama yake iko kwa mulongo. Uliza muntu yeyote hapa Baraka."

Placide alifikiri. Inspekta wa maji kule Fizi, mukubwa wake, alitaka ripoti ya mafunzo kabla mwezi haujaisha. Akasafisha koo, akaanza.

Alifundisha vizuri, siwezi kumuonea. Alieleza mvuke unavyopanda, wingu linavyojaa, mvua inavyoanguka kule milimani Fizi na kuzama ardhini mpaka inatufikia sisi wa chini. Akauliza kama kuna swali. Hakuna. Akauliza kama wote wameelewa. Hakuna aliyepinga. Katika semina zake zote, Prezida hakuwahi kukutana na umati usiopiga simu, usiosinzia, usiouliza soda iko wapi. Machozi yalimulengalenga. Bienfait alitafuta vidole, hakuona, akaweka nukta ya bluu kwenye kila bidon.

Ni bidon ya Clarisse peke yake iliyorudia darasa. Ilikuwa inavuja, na Prezida alisema hawezi kupitisha mwanafunzi anayepoteza maji mbele ya mwalimu. Clarisse akaziba tundu na sabuni. Somo lililofuata, ikafaulu kwa heshima.

Basi Husna akamwendea Prezida kudai ufunguo. Akajibiwa kwamba wachotaji wangali ngazi ya musingi, bado sekondari, na baadaye, Mungu akipenda, chuo kikuu. Ufunguo ulikuwa umemupendeza shingoni. Tena nyumbani kwake maji hayakukosekana, kwa sababu kila jioni aliendelea na utafiti, ndoo mbili mbili.

Nikaona sasa ni wakati wa kushauri. Nikamwambia Prezida kwamba kazi kubwa namna hii haifai kufichwa, Inspekta ashuke aione kwa macho. Ripoti tuliandika pamoja. Ni mimi niliyependekeza ile sentensi kwamba wanafunzi wote walikaa wima toka mwanzo hadi mwisho. Inspekta Casimir aliisoma kule Fizi, ikamupendeza, akaandika jina lake juu ya lile la Placide, akaituma Bukavu kwa wakubwa wa jimbo. Bukavu wakamusifu.

Akashuka kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Bidon zilikuwa zimepangwa, bamama nyuma yazo wakipiga vigelegele. Inspekta akamugeukia mama wa kwanza aliyemuona. Alikuwa Husna, nilikuwa nimemusukuma mbele mimi mwenyewe.

"Mama, tuambie ulijifunza nini juu ya maji."

"Mi sikujifunza, Baba Inspekta. Mi nilikuwa soko na maandazi yangu. Ni bidon ndiyo ilisoma."

Vigelegele vikakatika. Inspekta akamutazama Prezida. Prezida akaitazama bidon, kama vile ingemusaidia kujibu.

"Placide, ulifundisha bantu ao ulifundisha bidon?"

Jasho lilionyesha anavyowaza. Akisema bantu, Husna yuko hapo na mudomo wake. Akisema hakuna aliyefundishwa, ripoti iko Bukavu, na jina la juu si lake. Inspekta naye alikuwa anawaza hayo hayo, ila yeye alimaliza haraka. Ndiyo maana ni mukubwa.

"Ni metodi mupya ya kufundisha," akasema Prezida polepole.

"Naijua," akasema Inspekta. "Ni yangu."

Akaugeukia umati, akatangaza kwamba uamuzi ni uamuzi: waliosoma wakabidhiwe ufunguo mara moja, mbele yake, na picha ipigwe. Prezida akauvua. Akainama mbele ya bidon ya kamba nyekundu, akaivisha ufunguo shingoni, akaipongeza kwa kuishika mukono, pale inapobebewa. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Husna hakungoja hotuba ya kufunga. Alifungua robine Inspekta angali anatafuta kofia yake, na maji yakatoka kwa kukohoa, kisha kwa nguvu, mutoto mugongoni akiyapiga kofi.

Kesho yake Prezida akaja na ndoo zake mbili. Husna alizitazama ndoo, akatafuta nukta ya bluu, akanitazama mimi. Prezida alisema yeye ndiye mwalimu wa wote. Nikamukumbusha uamuzi wake mwenyewe: anachota aliyepata mafunzo, na mwalimu alifundisha, hakufundishwa. Akajaribu kucheka, bidon hazikucheka. Mwishowe akakunja suruali, akaketi chini kwenye mulongo, kati ya bidon ya Clarisse na nyingine, na shati lake jeupe, akanyoosha kidole na kusema yuko tayari kusoma, Bienfait alete rangi.

Ilinibidi, kama Mushauri Mukuu, nimuinamie nimweleze kwa heshima yote ya cheo chake.

"Samahani, Prezida. Metodi ilipitishwa mpaka Bukavu, na ni ya bidon. We iko muntu tu."